Maili Zangu, Nauli ya Nani?

Siku ya tatu ya matanga ya shangazi, mwanzoni mwa Julai 2024, nilikuwa nimeketi na wazee chini ya mwembe nyumbani kwetu Sapiwi, wilayani Bariadi, simu ilipolia kwenye mfuko wa shati langu. Ulikuwa ujumbe wa shirika la ndege lililonileta Mwanza. Ulinipongeza. Ulinieleza kwamba kwa safari ile nimejipatia pointi nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa tiketi yangu ilikuwa ya nauli ya juu, na kwamba nimebakiza kidogo tu nipande ngazi ya uanachama. Nadhani nilitabasamu, maana baba mdogo, aliyekuwa akinitazama huku akichokonoa meno kwa kijiti, aliniuliza ni habari gani njema hiyo inayoingia msibani.

"Si habari, baba. Ni watu wa ndege. Wananipa pointi kwa kusafiri nao."

"Pointi za nini?"

"Zikiwa nyingi, unapewa safari ya bure."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo limenifanya niandike makala haya: "Na nauli ya kukuleta huku, mwanangu, ililipwa na nani?"

Alilijua jibu. Habari za kifo zilitufikia Dar es Salaam saa nne usiku. Maziko yalipangwa kesho yake saa kumi jioni, na basi, hata lile la alfajiri, lisingetufikisha kwa wakati. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp likaamua wawakilishi wawili wapande ndege, mimi na dada yangu mkubwa, na wengine watume rambirambi. Michango ikaanza kuingia usiku uleule. Kijana wetu anayeendesha bodaboda Mbagala alitoa shilingi 20,000. Binti wa binamu yangu anayefanya kazi za ndani Tegeta alitoa shilingi 10,000 na kuomba radhi kwamba ni kidogo. Nilipotafuta tiketi, viti vya bei ya chini vilikuwa vimekwisha. Zilibaki nafasi za nauli kamili, ile inayompa abiria haki ya kubadili tarehe na kurudishiwa fedha akighairi. Sisi hatukuwa na tarehe ya kubadili. Tulilipa zaidi ya mara mbili ya bei ambayo tungelipa kama kifo kingetoa taarifa wiki tatu mapema, tukaruka alfajiri, tukashika gari Mwanza, Magu, Lamadi, tukakunja kuelekea Bariadi, na tukafika kaburi likiwa bado wazi.

Sasa pointi zimeingia, na zimeingia kwa jina langu. Zile 10,000 za binti wa Tegeta zimo humo.

Niongeze jambo ambalo sikumwambia baba mdogo siku hiyo. Usiku ule wa michango, katika kadi yangu nyingine, ya shirika la kimataifa, kulikuwa na maili zaidi ya 40,000. Shirika hilo haliruki kwenda Mwanza. Kwa hiyo mtu mwenye hazina ya safari za bure alikaa sebuleni akihesabu miamala ya watumishi wa ndani, na hazina yake haikuwa na faida yoyote kwa jambo lililokuwa mbele yake.

Baba mdogo si mtu wa kudanganywa katika masuala ya nyongeza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika, enzi ambazo Bariadi ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga na pamba yetu ilikwenda SHIRECU. Mkoa wa Simiyu haukuwepo. Ulikuja kuanzishwa mwaka 2012. Amepima pamba misimu mingi kiasi kwamba hadi leo hutofautisha pamba safi na pamba fifi kwa kuishika tu, bila kuitazama. Alinieleza utaratibu wao. Chama kikipata ziada baada ya mauzo, kila mwanachama alistahili nyongeza kulingana na kilo alizoleta. (Mara nyingi ziada yenyewe haikuonekana, na baba mdogo ana maelezo marefu kuhusu ilikokuwa inaishia, lakini hayo ni ya makala mengine.) Kisha akasema: "Nyongeza ilimfuata mwenye kilo. Kama mtoto ndiye aliyeleta mzigo kwa baiskeli, daftarini tuliandika jina la mwenye shamba. Wewe kwenye hiyo ndege yako ni yule mtoto wa baiskeli."

Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi. Wanauchumi wana jina la jambo hili: tatizo la mwenye mali na wakala wake. Anayeamua si anayelipa, na anayetaka kuuza hujifunza haraka kumpendeza anayeamua. Nimelieleza darasani kwa michoro na milinganyo, sikuwahi kulieleza vizuri kama alivyolieleza katibu mstaafu wa chama cha msingi aliyeishia darasa la saba.

Wazo la kumrudishia mteja sehemu ya alichotumia si geni na si baya. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipoanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, walikubaliana kugawana faida kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Vyama vyetu vya pamba vya Kanda ya Ziwa, tangu enzi za Paul Bomani na muungano wa vyama vya Victoria mwaka 1955, vilirithi mantiki hiyohiyo. Ila pale mteja au mkulima alikuwa mwenye duka. Mkutano mkuu ungeweza kumfukuza katibu. Mashirika ya ndege yaliuchukua mgao, mkutano mkuu yakauacha.

Historia yake ni fupi. Marekani ilipoondoa udhibiti wa nauli na njia mwaka 1978, mashirika yalijikuta yakishindania abiria kwa bei, na bei ikishuka hakuna anayependa. Mwezi Mei 1981 American Airlines ilianzisha AAdvantage, na washindani wakaiga. Hesabu ilikuwa rahisi: abiria wa kudumu ni mfanyabiashara au ofisa, na tiketi yake hulipwa na ofisi. Ukipunguza bei, unamfurahisha mhasibu asiyesafiri. Ukitoa zawadi kwa jina la msafiri, unamfurahisha anayechagua ndege. Leo mpango wa namna hiyo ni mali kubwa kwa maana halisi ya neno mali. Wakati wa janga la UVIKO-19, mwaka 2020, ndege zikiwa zimeegeshwa, United iliweka mpango wake wa MileagePlus rehani na kupata takriban dola bilioni 6.8. Hakuna mkopeshaji anayekubali rehani ya kitu kisicho na thamani. Nasi huku kwetu hatujabaki nyuma: Air Tanzania ina Twiga Miles, Kenya Airways ina Asante Rewards, Ethiopian ina ShebaMiles, RwandAir ina Dream Miles.

Sehemu ambayo wasafiri wengi hawaielewi, au wanaielewa na kunyamaza, ni jinsi pointi zinavyofungamana na aina ya nauli. Pamba ina madaraja mawili, na bei hutangazwa msimu unapofunguliwa. Mkulima wa Sapiwi na wa Meatu wanaijua siku moja. Ndani ya ndege, watu wawili waliokaa viti vinavyogusana, wakala mkate uleule na kufika dakika ileile, huenda mmoja amelipa mara tatu ya mwenzake. Viti vya daraja la kawaida hugawanywa katika mafungu mengi, kila fungu na herufi yake, bei yake na masharti yake. Fungu la chini hairuhusiwi kubadili tarehe, fedha hairudi, begi hulipiwa peke yake, kiti huchaguliwi hadi ulipe. Fungu la juu linakuruhusu karibu kila kitu. Na hapo ndipo maili huingia: tiketi ya fungu la chini huweza kukupa robo tu ya maili za safari, au isikupe kabisa, ilhali ya juu hukupa zote na nyongeza. Tangu mwaka 2015, Delta na United zilipoongoza njia hiyo, mashirika makubwa kadhaa yameacha hata kuhesabu umbali, yanahesabu fedha. Aliyelipa ghali zaidi ndiye mwaminifu zaidi. Ukisafiri mara ishirini kwa tiketi za bei poa, wewe bado mgeni.

Kisha kuna ngazi: fedha, dhahabu na kuendelea. Ngazi ina kiwango chake na mwaka wake, na mwaka ukiisha kabla hujafikisha kiwango, unashushwa. Msomaji ambaye hajawahi kuwa na kadi atacheka, lakini nimewaona watu wazima, wenye shahada tatu, wakitafuta mkutano wowote mwezi Desemba ili wasishuke kutoka dhahabu kuwa fedha. Mwaka wa Serikali huisha Juni na mwaka wa kadi nyingi huisha Desemba, hivyo ofisa mwenye kadi ana misimu miwili ya kusafiri.

Mtu anayelipa kwa fedha yake haonyeshi ugonjwa huu. Novemba 2012 fastjet ilipoanza safari zake nchini, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ilitangaza nauli zinazoanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Watu ambao hawakuwahi kufikiria ndege waliingia kwenye ndege. Hawakuuliza pointi, waliuliza ni lini bei hiyo inapatikana. Mama yangu alipanda ndege kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata, kwa tiketi niliyoinunua mapema kabisa. Tulijua tangu mwanzo kwamba mzigo unalipiwa mbali. Alipoambiwa gharama ya begi lake lililojaa michembe, aliuliza kwa mshangao wa dhati: "Kumbe michembe nayo ina nauli yake?" Akaifungua kaunta pale, akawagawia jamaa waliotusindikiza, akabakiza kiasi cha kushika mkononi. Huo ndio uamuzi wa mwenye fedha: anapima michembe dhidi ya nauli. fastjet iliondoka katika anga letu mwishoni mwa mwaka 2018 na bei zile zikaondoka nayo, lakini tabia ile niliiona kwa macho yangu, na ndiyo kipimo ninachotumia kujipima mwenyewe.

Nijipime basi.

Baada ya matanga nilirudi Dar es Salaam, na swali la baba mdogo halikunipa nafasi. Nikafungua majalada ya mradi wa utafiti niliouongoza mwaka 2023, mradi uliohusu kazi na kipato katika kilimo cha pamba, ambao sehemu yake ya uwandani ilikuwa hapahapa Sapiwi. Mwaka huo nilisafiri mara mbili kwenda Ulaya kwa warsha za mradi, Februari na Mei. Kila safari wakala alileta nukuu tatu za bei kama taratibu zinavyotaka. Safari ya kwanza, tiketi nafuu ilikuwa dola 840 kwa shirika ambalo sina kadi yake. Shirika la kadi yangu lilikuwa na tiketi ya bei inayokaribiana na hiyo, ila ya fungu la chini lenye maili kiduchu. Nilichagua ya tatu: shirika la kadi yangu, fungu la juu, dola 1,150. Katika dokezo niliandika kwamba aina hiyo ya nauli inahitajika "ili kuruhusu mabadiliko ya tarehe endapo ratiba ya warsha itabadilika." Ratiba ya warsha ilikuwa imechapishwa miezi minne kabla. Mei nilirudia mchezo uleule, na tofauti ilikuwa dola 330.

Hakuna aliyenihoji. Nukuu tatu zilikuwepo, sababu ilikuwepo, sahihi zilikuwepo. Mkaguzi wa ndani angelipitia jalada lile na kulisifu. Desemba nilipokea kadi ya fedha, na kwa kadi hiyo niliketi mara moja katika chumba cha mapumziko cha uwanja wa ndege, nikala korosho na kunywa juisi ya nanasi. Hiyo ndiyo faida yote niliyoweza kuikumbuka.

Jumla ya tofauti ni dola 640, kwa viwango vya wakati ule takriban shilingi milioni moja na nusu. Si kashfa ya kitaifa. Ningeweza kuifunga kompyuta nikalala. Lakini katika jalada hilohilo kulikuwa na karatasi nyingine, ya mwezi Juni 2023, yenye sahihi yangu. Tulikuwa na vijana sita wa kukusanya takwimu, wote wa Sapiwi na vijiji jirani, wakilipwa shilingi 30,000 kwa siku. Tulipanga siku kumi. Siku ya nane fedha ya uwandani ilikwisha, nikafuta siku mbili za mwisho. Siku mbili zile zilikuwa za kitongoji cha pembezoni wanakoishi wanawake vibarua, wasio na mashamba yao, wanaopalilia na kuchuma pamba ya wengine. Posho za vijana kwa siku hizo ni shilingi 360,000. Gari na mafuta vingechukua kama 400,000. Ukijumlisha, ni takriban nusu tu ya kile nilichokitumia kuinunulia kadi yangu rangi.

Nakumbuka jioni ile. Mmoja wa wale vijana, binti aliyekuwa akikusanya fedha za kujiunga na chuo, alinifuata kando ya gari na kuniuliza kwa adabu, "Samahani Daktari, hizo siku mbili zimefutwa kabisa au zimeahirishwa?" Nikamjibu kwamba bajeti imekwisha. Nilisema hivyo kama mtu anavyosema mvua imekatika, jambo la Mungu, lisilo na mtendaji. Katika ripoti tuliandika kwamba kitongoji hicho hakikufikiwa "kutokana na ufinyu wa bajeti." Ripoti ya kipato katika kilimo cha pamba ikachapishwa bila wale wanaolipwa kidogo kuliko wote.

Nimejiuliza kama haya ni yangu peke yangu, na ninafahamu sivyo. Wajerumani walipata somo lao mwaka 2002. Wabunge wao walikuwa na kanuni kwamba maili zinazotokana na safari za kibunge zitumike kwa safari za kibunge. Mwezi Julai mwaka huo ikafichuka, kupitia gazeti la Bild, kwamba baadhi yao wamezitumia kwa safari binafsi. Gregor Gysi alijiuzulu uwaziri wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin. Cem Özdemir wa chama cha Kijani aliachia nafasi yake ya usemaji na kutangaza kwamba hatachukua kiti chake bungeni baada ya uchaguzi. Thamani ya maili zenyewe ilikuwa ndogo. Özdemir alirejea baadaye katika siasa na mwaka 2021 akawa waziri wa kilimo wa shirikisho, jambo linaloonyesha kwamba kukiri hakumwui mtu. Marekani walikwenda upande wa pili. Kwa miaka mingi maili za safari za kiserikali zilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Desemba 2001 sheria ikabadilishwa, mtumishi akaruhusiwa kubaki nazo. Sioni kwamba walitatua tatizo. Waliamua kulihalalisha, jambo ambalo angalau lina uwazi wake.

Sisi tumekuwa na mjadala mkubwa wa safari kuliko wote hao, na hata hivyo swali hili lilipita katikati ya miguu yetu. Tarehe 20 Novemba 2015, akilifungua Bunge la 11 mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitaja hesabu ambazo wengi wetu tulizinukuu kwa miezi mingi: shilingi bilioni 356.324 kwa safari za nje katika mwaka 2013/14 na 2014/15. Kati ya hizo, bilioni 183.160 zilikuwa za tiketi za ndege, bilioni 104.552 posho za kujikimu, na bilioni 68.612 mafunzo nje ya nchi. Akasema zingetosha kujenga kilomita 400 za lami. Zikafuata hatua za kuzuia safari na kubana madaraja ya kifahari. Tazama tena mchanganuo ule. Tiketi peke yake ni zaidi ya nusu. Mitaani, vijiweni na hata sisi wa vyuoni tulizungumzia posho, kwa sababu posho inaonekana: mtu analipwa, ananunua bati, jirani anaona. Tiketi tuliichukulia kama bei ya mafuta, kwamba ndege ina nauli yake na nauli hailaumiwi. Kumbe ndani ya neno "tiketi" kuna chaguo, na ndani ya chaguo kuna zawadi inayokwenda kwa mtu.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ina vifungu kuhusu zawadi. Kiongozi akipewa mbuzi ziarani, mbuzi anaonekana, analia, ana kamba shingoni. Maili hazilii.

Nimelizungumza suala hili na wenzangu, na nisiwatendee haki kwa kuficha hoja yao. Rafiki yangu mmoja, msafiri kuliko mimi, aliniambia kwa ukali kidogo kwamba maili ni fidia. "Nani anahesabu usiku niliolala kwenye viti vya chuma nikisubiri ndege ya kuunganisha? Nani anahesabu siku za kuzaliwa za wanangu?" Ana haki ya kuuliza. Usafiri wa kikazi unachosha mwili na unaharibu ndoa. Alitaja pia kwamba nauli inayobadilika wakati mwingine ni ya lazima kweli: mkutano wa Serikali huahirishwa saa kumi na mbili kabla, na tiketi ya bei ya chini iliyotupwa ni hasara kubwa kuliko tofauti ya bei. Hilo nalikubali kabisa. Ofisi inayolazimisha tiketi ya bei ya chini kila mara, kisha ikanunua nyingine tarehe ikibadilika, imejidanganya. Ila kwa hoja yake ya kwanza nilimjibu kwamba fidia hupangwa na anayelipa mshahara, mbele ya macho, na kwa viwango. Fidia inayopangwa na muuza tiketi, na inayoongezeka kadiri ofisi inavyotozwa zaidi, ina jina jingine. Hatukuelewana, tukaagiza chai nyingine.

Kwa wasomaji wangu walioko wizarani na halmashauri, ninaomba jambo dogo linaloweza kuanza kesho bila sheria mpya. Dokezo la safari lionyeshe aina ya nauli, na kando yake bei ya tiketi ya chini kuliko zote siku hiyo kwa njia hiyohiyo. Pia liwe na mstari mmoja: "Je, msafiri ni mwanachama wa mpango wa zawadi wa shirika hili?" Hakuna adhabu ndani yake. Ni swali la baba mdogo likiwa katika fomu. Mashirika kadhaa pia yana mipango ya taasisi, ambamo zawadi huenda kwa mwajiri. Sijui kwa nini ofisi zetu nyingi hazijiungi nayo, ilhali tunajua kukusanya stempu za bahasha zilizotumika.

Mwenyewe nilijaribu kurekebisha, na matokeo yake hayanipi sifa. Agosti 2024 nilikwenda kwa mhasibu wa mradi nikamweleza kwamba nina maili zilizotokana na fedha za mradi na ningependa zitumike kwa tiketi ya mwanafunzi wangu wa uzamili. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniambia hakuna kifungu cha kuingizia mapato ya aina hiyo, na akanishauri kama mdogo wangu nisiandike barua, kwa sababu barua itafunguliwa jalada. Nilimkatia mwanafunzi tiketi kwa maili zile kimyakimya. Kodi na tozo za uwanja nililipa mfukoni. Zile pointi za msiba bado zipo kwenye simu, hazitoshi hata nusu ya safari ya Mwanza. Nilipouliza kwenye kundi la ukoo tuzifanyie nini, kijana wa bodaboda alijibu kwa vikaragosi vya kucheka, na binti wa Tegeta akaandika, "Usijali anko, ni zako."

Septemba, chuo kikiwa likizo, nilipanda basi kwenda Sapiwi na shilingi 800,000 zangu. Niliwatafuta wale vijana sita. Wawili walikuwa wamehama; yule binti aliyeniuliza kando ya gari alikuwa amejiunga na chuo cha ualimu na hakuwa na nafasi, aliniambia hivyo kwa simu, kwa adabu ileile. Kwa waliobaki tulikwenda kitongoji kile siku mbili. Pamba ilikuwa imekwisha kuchumwa na kuuzwa. Kati ya kaya tulizokuwa tumeziorodhesha mwaka uliopita, nyingi milango ilifungwa kwa kamba. Wanawake wa vibarua walikuwa wamekwenda kutafuta kazi nyingine, baadhi Lamadi kwenye dagaa, na bibi mmoja tuliyemkuta akianika mihogo alituuliza kwa nini hatukuja wakati watu wapo.

Jioni nilimsimulia baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea maji ya kunawa, akauliza:

"Na ile kadi yako?"

"Muda wake unakwisha Desemba, baba."

"Haya. Kula, ugali unapoa."